Chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji: ni haki kuwazalisha kwa kuuza?

Mbezi Kwa Juu
Wakuu, matangazo ya mbwa hapa Dar yamejaa chotara: German Shepherd kwa Boerboel, German Shepherd kwa wa kienyeji. Je, ni haki kumzalisha mbwa wa kuuza wakati hujui atarithi nini? Msidanganyike kwamba kuchanganya damu kunaondoa ubovu wa nyonga. Ule unabebwa na vinasaba vingi kwa pamoja. German Shepherd anao, Boerboel anao, mtoto anaweza kuupata pande zote mbili. Wapigwe eksirei wazazi wote wawili wakifikisha miezi 24, ndipo wapandishwe. Na hawa wa kienyeji waacheni, ni mbwa wa jalalani, wanaharibu damu.

Mama Tausi
Wa jalalani? Basenji anayeuzwa ghali Ulaya na Marekani ni mbwa wa kienyeji wa Kongo, kaka yangu. Wamarekani walipobanwa na maradhi ya ukoo, ikiwemo Fanconi (figo zinavujisha sukari kwenye mkojo ilhali sukari ya damu iko sawa), walirudi Zaire miaka ya themanini mwishoni kutafuta mbwa wa vijijini, na mwaka 1990 kitabu cha ukoo kikafunguliwa kuwapokea. Hiyo damu unayoitukana ndiyo waliyoifuata. Tena German Shepherd wako akipata ehrlichia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe wa kahawia, anaugua vibaya kuliko mbwa wengi. Mkataa kwao mtumwa.

Chuma cha Reli
Mama, Basenji amechujwa vizazi na vizazi, usimlinganishe na mimba ya uchochoroni. Wanaochanganya kwa akili wanajulikana. Dalmatian wote walikuwa na kasoro ya asidi ya yuriki, inayowaletea mawe kwenye kibofu. Mwaka 1973 mtaalamu mmoja Marekani alimpandisha Dalmatian na Pointer mara moja tu, kisha kila kizazi akakirudisha kwa Dalmatian, akibakiza wenye mkojo mzuri. Huko ndiko kuchanganya. Nyinyi mnapandisha chotara kwa chotara wa tumbo moja: magonjwa ya kujificha yaliyofichika kizazi cha kwanza yanafumuka cha pili, ukipandisha mbeba kwa mbeba, kwa wastani robo ya watoto wanaugua. Nguvu pekee ya kienyeji ni kwamba hata akipata upele unampiga ivermektini ya ng'ombe, ile sindano ya minyoo na wadudu, hafi.

Bwana Mifugo Moro
Futa hiyo sentensi ya mwisho, inaua mbwa. Ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Mbwa wa kilo 20, kwa 0.3 mg kwa kilo, ni miligramu 6, yaani 0.6 ml. Watu wanavuta 2 ml kwa kukisia, tayari wamezidisha zaidi ya mara tatu. Akiwa na kasoro ya kinasaba cha MDR1, dawa inapenya kwenye ubongo, na hata hiyo 0.6 ml inaweza kummaliza.

Chuma cha Reli
MDR1 ni ya Collie, mbwa wa Kizungu wa kuchunga kondoo. Nionyeshe Collie Manzese! Mtu akivuta 0.6 kwa bomba la insulini, akachoma chini ya ngozi na kurudia baada ya wiki mbili, shida iko wapi? Mnatisha watu ili waje kliniki.

Bwana Mifugo Moro
Sijamwita mtu kliniki. Collie ndio wanaoongoza, kama saba katika kumi, lakini German Shepherd naye yumo, hasa weupe. Mzazi mwenye nakala mbili za kasoro anampa kila mtoto nakala moja, na kwa dozi ya upele hata nakala moja inaongeza hatari. Mboni zinapanuka, mate yanamwagika, anayumba, anapofuka, anapoteza fahamu. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Ni dripu na kumsaidia kupumua, pengine kwa siku nyingi. Sampuli ya ute wa shavuni inapima kasoro hii. Kama haijapimwa, tumia kidonge cha fluralana kwa uzito wake: kinatibu upele, kinaua kupe kwa wiki 12. Mwenye kifafa asipewe bila daktari. Anayeuza chotara bila kutaja wazazi anamuuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia.

Mama Tausi
Ya ivermektini nimeyaelewa. Neno la jalala sijajibiwa.

Mbezi Kwa Juu
Mama, nilikuwa namaanisha uvimbe wa zinaa. Mbwa wanaozurura wanaambukizana kwa kupandana, na jike wako wa laki kadhaa anaondoka nao. Fungua govi la dume ulikague mpaka nyuma, ukiona nyama kama koliflawa inayovuja damu, usimpandishe. Tiba ni vinkristini, dawa ya saratani, 0.025 mg kwa kilo, kwenye mshipa, kila wiki, kwa kawaida wiki nne hadi sita. Ikivuja nje ya mshipa, nyama ya mguu inaoza.

Mama Tausi
Basi ungesema mbwa wanaozurura. German Shepherd anayefunguliwa geti usiku naye anaupata. Wangu wa kienyeji yuko ndani ya uzio, ana chanjo zote, na wewe umemuita wa jalalani mbele ya watu.