Simu tatu za biashara zanimalizia faida, nyinyi mwafanya vipi?

Mama_Mahamri

Assalam aleykum wenzangu, poleni na kazi. Mie napika mahamri, mbaazi na viazi vya karai hapa Majengo, Mombasa, asubuhi na jioni, na siku hizi nusu ya oda zangu zaja kwa simu, kwaiyo simu ikizima na mie nimezima. Nina simu tatu, kubwa ya WhatsApp ndio ya oda, ya pili iko na laini ya Till, ile ya kupokea malipo ya wateja kwa M-Pesa, ya tatu nimempa kijana anayepeleka vitu.

Hii kubwa ndio imenichosha. Ilianguka sakafuni kabla ya Ramadhani kioo kikapasuka, nikapeleka kwa fundi mmoja akabadilisha skrini nzima 2,800. Haikumaliza miezi miwili tachi ikaanza kujibonyeza yenyewe, yajipigia watu usiku, mara yajifungulia picha, nikarudi akanambia hiyo ni nyengine, 2,800 tena. Halafu betri ikawa haifiki adhuhuri nikabadilisha betri. Halafu chaji, ukichomeka waya lazima uukunje na uulalie na kopo la sukari ndio ishike, nikatoa 1,500 kubadilishiwa tundu la chaji na saa hii ni wiki ya tatu yarudia yaleyale, kopo la sukari limerudi kazini.

Salio nalo sijui laenda wapi. Naweka, laisha, nakopa, likiingia jengine lakatwa deni, nakopa tena. Mwezi uliopita nlikaa na daftari nikaandika kila kitu, fundi, salio, bando za simu zote tatu, ikaja 7,000 na kitu. Hamri moja nauza shilingi 10. Hiyo ni mahamri 700, na hapo nahesabu mauzo sio faida, unga na mafuta bado sijatoa.

Nataka munishauri kwa kweli. Ninunue simu mpya ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, ama niendelee na hii? Na hizi laini nitapunguza vipi bila kupoteza wateja?

Fundi_MwembeTayari

Waaleykum salaam mama. Mie ni fundi, kibanda changu kiko Mwembe Tayari, na kabla hujatoa hata shilingi nyengine nambie kitu kimoja, hiyo simu hukaa wapi ukiwa wapika? Kama yakaa pale mezani kwenye unga, basi ninahisi tundu halikuwa bovu tangu mwanzo.

Kuna mama wa chapati aliniletea simu na lalamiko hilohilo, mahali pengine kashaambiwa atoe pesa ya tundu jipya. Nikaiweka chini ya lenzi, ndani mumejaa unga uliolowa mafuta, umegandamana mpaka umekuwa kama udongo wa kufinyanga, ule mdomo wa waya hauwezi kufika mwisho wake. Nikatoa taratibu, vikatoka vipande vitatu, waya ukaingia ukalia tik. Sikubadilisha kitu. Fanya hivi leo, zima simu kabisa, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwaruza upande wa nyuma wa tundu polepole ukielekeza nje. Sindano usitie wala pini, chuma kitagusa vile vimeno vya ndani na utaharibu kweli. Ukiona vimeno vina rangi ya kijani hiyo ni kutu, kwetu huku hewa ina chumvi na unyevu, hiyo ilete isuguliwe kwa brashi na spiriti, ni kazi ndogo na bei yake ndogo.

Sasa skrini. Simu nyengine za siku hizi zatoka kiwandani na skrini ya OLED, ile ya kujiwakia yenyewe, na zile kopi za bei ya chini ni LCD. LCD yataka taa yake ya nyuma kwaiyo yala chaji zaidi, na hapo ndio nadhani betri yako haikuwa na makosa, ilikuwa yanyonywa na skrini. Umelipa betri kwa kosa la skrini mama, na inaniuma kwa sababu fundi alotia ile kopi angekwambia mapema. Tena tachi kujibonyeza yenyewe mara nyengine ni chaja mbovu, jaribu kuitumia ikiwa haijachomekwa uone kama yaendelea.

Ukibadilisha skrini siku nyengine usikubali ipigwe gundi kabla hujaijaribu. Mwambie fundi aiunganishe tu, shika picha moja ya programu uiburute pole pole kona zote nne na katikati, pakikwama utaona. Piga simu uiweke sikioni, skrini izime. Pandisha mwangaza mpaka juu. Ikipita ndio gundi. Na risiti iandikwe skrini ya aina gani na waranti siku ngapi, sio maneno ya mdomo. Fundi akikataa kuandika ondoka na simu yako.

Na laini toa kabla hujamwachia mtu simu, mtu yeyote, hata mie. M-Pesa yako imo mule.

Duka_Kongowea

Mama hapo kwenye salio wacha nikuonyeshe hesabu yangu mwenyewe manake nliumia kama wewe. Nlikuwa nakopa Okoa Jahazi, ule mkopo wa salio wa Safaricom, ya 100 kila asubuhi nikifungua duka, ada yake ni asilimia 10 kwaiyo mkononi wapata 90. Siku 26 za kazi ni 260 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 3,120 ambazo sikupiga nazo hata simu moja. Sasa jumapili jioni nikifunga hesabu natoa salio la wiki nzima kwa M-Pesa nalitia mara moja, likiisha alhamisi najua nimezungumza sana, wiki ile nyengine nashika mkono. Wiki ya kwanza ni ngumu kwa sababu walipa deni la zamani na huku wanunua jipya, ukivuka hiyo wiki umemaliza.

Bando nazo hufai kununua za saa moja saa moja. Safaricom wana zile zisizoisha muda tangu 2019, kwa mtu ambae siku nyengine ana oda 30 na siku nyengine 4 zile zakufaa zaidi, zakaa zakungoja. Ile ya siku moja nunua ukiwa na kazi nyingi kweli siku hiyo. Na ingia kwenye WhatsApp yako uzime ile ya kujipakulia picha na video yenyewe, manake kila mtu akikutumia video ya asubuhi njema ya magrupu ni data yako yaenda.

Lakini jambo kubwa ni hizo simu tatu. Laini ya Till itie kwenye kabambe, simu ndogo ya vibonyezo. Ujumbe wa malipo ni SMS tu, hauhitaji simu kubwa, na kabambe zile za betri ya BL-5C wachaji leo waja kuchaji kesho kutwa, betri ikifa wanunua popote. Yangu yakaa ndani ya droo ya pesa haitoki. Halafu hiyo kubwa kama bado watumia WhatsApp ya kawaida tia WhatsApp Business, haina malipo, waweka bei na picha za vitu, na nambari moja waweza kuiunganisha na vifaa vyengine vinne. Kwaiyo kijana wako asome oda kwenye simu yake mwenyewe kwa nambari yako, hiyo simu ya tatu na bando zake wazipumzisha. Muhimu simu kubwa iwe hai, ikikaa siku 14 bila kutumika vile vyengine vyajitoa. Na ajue kwamba ataona mazungumzo yako yote na wateja, kama humuamini usimuunganishe.

Bint_Kisauni

Dada, simu ya kulipa kidogo kidogo nakuomba usikimbilie. Mie nashona, nlichukua moja, nikatanguliza 4,000 halafu 75 kila siku kwa mwaka mzima. 75 yaonekana si kitu. Piga sasa, 27,375, tia na ile 4,000 ni 31,375, na simu ileile nliikuta dukani 17,500 ya kulipa mara moja. Tena usipolipa siku mbili yajifunga. Mie ilijifunga wiki ya sikukuu nina nguo za watu na vipimo vyote vimo ndani ya simu, nlilia. Kama wataka mpya bora ule mchango wenu wa wanawake, kila mtu siku yake ikifika.

Samaki_Likoni

Ya kwangu iliingia kwenye ndoo ya barafu ya samaki maji ya chumvi nikaitia kwenye mchele siku mbili ikawaka alhamdulillahi, mama siku ikilowa jaribu hivyo hakuna haja ya fundi

Fundi_MwembeTayari

@Samaki_Likoni ndugu yangu nafurahi iliwaka lakini usiwambie watu hivyo, izo simu za mchele ndio zaja kwangu baada ya mwezi bodi imeota kijani. Mchele hauondoi chumvi, maji yakauka na chumvi yabaki pale inakula shaba pole pole. Ikilowa zima, usiichomeke kwenye chaja hata kidogo, toa laini, leta siku ileile ifunguliwe ioshwe kwa spiriti. Ya kwako hata kama yafanya kazi ilete tuangalie, na leo chukua bakapu ya nambari na picha zako usingoje.

Mudir_Tudor

Mimi naona wote mwazunguka. Simu ya biashara yapelekwa kwenye kituo rasmi cha kampuni basi. Walipa zaidi lakini spea ni yenyewe.

Fundi_MwembeTayari

@Mudir_Tudor hapo tuko pamoja kwa sehemu. Kama simu iko ndani ya waranti usiipeleke kwa fundi wa nje hata mie, nikiifungua tu waranti imekwenda na ulikuwa na haki ya kutengenezewa bure. Lakini simu ya miaka mitatu, bei ya skrini ya kituo rasmi yaweza kukaribia bei ya simu ilivyo sasa, na huyu mama auza mahamri. Mwenyewe hutazama hivi, matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kununua simu kama hiyo leo, namwambia mtu aweke pesa yake.

Mama_Mahamri

Wallahi nashkuru nyote, sikutaraji. Nimefanya ile ya kijiti baada ya isha watoto washalala. Vimetoka vipande viwili vyeupe vigumu kama punje za mchele, na vumbi la unga lilimwagika kwenye kanga. Nikachomeka waya umeingia mpaka ndani na umeshika bila kopo. Nimekaa nikaitizama nikawaza ile 1,500.

Na ni kweli simu hukaa pembeni ya karai, nikisikia mlio wa oda nasoma palepale mikono ina unga.

Duka Kongowea nimezima ile ya video na laini ya Till kesho naihamisha, kabambe ya marehemu mzee iko kabatini. Okoa nna deni ya 90, nikimaliza sikopi inshallah. Ila kijana namuamini, ni mtoto wa dada yangu. Kuna mtu jirani amenambia nipige *106# nione laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, zimetoka tano! Tatu nazijua. Mbili sizijui kabisa, hizo nifanye nini?

Duka_Kongowea

Hizo usizinyamazie, mtu akifanya uovu nazo jina ni lako. Nenda na kitambulisho chenyewe kwenye duka la kampuni ya hizo laini, waambie si zako wazifunge, na ungoje mpaka ithibitishwe mbele yako ndio uondoke. Enda mapema kabla ya saa nne, mchana foleni si mchezo.

Fundi_MwembeTayari

Mama hamisha hiyo simu kutoka kwa karai. Watengenezaji wengi wa simu wasema isitumike mahali joto limepita digrii 35, na wakati wa kaskazi Mombasa kivulini tu twakaribia hapo, sembuse kando ya mafuta yachemkayo. Itie kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, ule wazi, tachi yafanya kazi juu yake na unga hauingii. Itundike ukutani upande wa mlango. Na betri ukiiona mgongo wa simu umeinuka, acha kutumia siku hiyohiyo, usiibonyeze irudi.

Nna swali moja lakini. Ile siku ya kwanza ilipoanguka, kabla hujapeleka kwa yule fundi, ilikuwa bado yaonyesha? Rangi sawa, tachi sawa?

Mama_Mahamri

Yaonyesha vizuri sana, nliitumia siku tatu hivyo hivyo. Kioo tu ndio kilikuwa na nyufa, nlipeleka kwa sababu chanikata kidole.

Fundi_MwembeTayari

Basi skrini yenyewe haikufa mama, ilikufa glasi ya juu. Glasi yabadilishwa peke yake na ile skrini ya kiwandani yabaki, ni kazi ya mashine na uvumilivu lakini bei si ya skrini nzima. Alikurudishia ile ya zamani au alibaki nayo?

Mama_Mahamri

Alitaka kubaki nayo nikamwambia nipe, nimeilipia. Iko kwenye droo ya vyombo, nimeifunga kwa gazeti.

Fundi_MwembeTayari

Usiikunje usiiwekee kitu juu. Njoo nayo na simu kesho baada ya alasiri, tuiunganishe kwanza bila gundi tuione kama bado yawaka. Laini utoe kabla hujatoka nyumbani.