Naomba ushauri: lipu ya chokaa kwenye nyumba ya matofali mabichi, Tukuyu

Ndugu zangu, salaam. Nakarabati nyumba ya marehemu babu iliyoko nje kidogo ya Tukuyu, yenye kuta za matofali mabichi juu ya msingi wa mawe. Bati lake bado zima. Tatizo ni lipu ya saruji iliyopigwa nje miaka mingi iliyopita, ambayo sasa inabanduka vipande vikubwa na kuacha udongo uliolowa, kwa kuwa saruji haipitishi mvuke kwa urahisi na maji yanayopenya kwenye nyufa hukosa pa kutokea. Fundi anashauri tupige saruji nyingine, nene zaidi, pamoja na waya wa kuku; mimi naona huko ni kuufungia ugonjwa ndani.

Nakusudia kuibandua yote, kuziacha kuta zikauke kiangazi, kisha kupiga tabaka la udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa, na juu yake lipu ya chokaa. Naelewa kwamba chokaa ikichanganywa na unga wa majivu ya volkano hukaza hata penye unyevu, na mawe mepesi ya volkano Rungwe yapo.

Aliyewahi kufanya kazi hii huku, Makete au Njombe, anieleze uwiano wa chokaa, mchanga na unga huo, na kama chokaa ya mifukoni inafaa au nitafute ya mawe niiloweke mwenyewe. Pia, kwa mvua za Tukuyu zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, upenu wa sentimita 40 unatosha, au nijenge baraza upande unaopigwa na upepo?