Mrejesho: Mashine ya santuri iliyokuwa inayumba kasi

Wakuu, niliuliza kuhusu mashine ya santuri ya mzee, ile ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda: kwenye kasi ya 33 (mizunguko kwa dakika) inayumba, kwenye 45 inakimbia hovyo. Wengi mlisema mota imekufa. Mota ni nzima kabisa.

Tatizo lilikuwa potenshiometa mbili (vidude vya kuzungusha) za kurekebishia kasi, zimechafuka kwa ndani. Nilichomoa umeme, nikapuliza dawa ya kusafishia kontakti (si mafuta ya bawaba, tafadhali!), nikazizungusha huku na huku mara nyingi. 45 ikatulia papo hapo. 33 ikawa bado inapanda polepole mashine ikipata joto, ndipo fundi akabadilisha kapasita za elektroliti (vidude vya kuhifadhi chaji ya umeme, vyenye majimaji ndani) kwenye bodi, zilizokauka kwa uzee.

Kupima kasi, weka juu ya sahani inayozunguka duara la karatasi lenye vistari 180, chini ya balbu ya kawaida ya nyuzi, umeme wetu wa hezi 50. Vistari vikionekana vimesimama, kasi ya 33⅓ (ndiyo ile 33) imekaa sawa. Taa nyingi za LED hazifai, hazipepesi vya kutosha.

Taarabu za mzee haziyumbi tena. Umebaki muungurumo kidogo, nashuku waya wa ethi (wa kuunganisha na ardhi).