Nauza asali ya Sikonge, watu wanalaiki tu hawanunui. Hii habari ya kusimulia stori ya bidhaa inafanyikaje?

BintiSikonge

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana nimekwama. Nauza asali hapa Dar, niko Mbagala. Asali naletewa na baba mdogo kutoka Sikonge kule Tabora, yeye ni mrina asali tangu mimi sijazaliwa na babu naye alikuwa anarina. Inakuja kwa basi kwenye madumu ya lita 20, nachuja, naweka kwenye chupa za nusu lita na lita moja, nabandika lebo. Lita nauza elfu 16.

Mwanzo nilikuwa naposti picha ya chupa, bei na namba ya simu basi. "Asali mbichi orijino, karibuni." Sasa kila muuza asali mjini anaandika hivyohivyo, mteja atanitofautishaje na mwingine, anaenda kwa mwenye bei ya chini. Mwaka jana nikaenda semina ya wajasiriamali wakatuambia usiuze bidhaa, simulia stori. Nikarudi na moto kweli, nikaandika stori ndefu jinsi nilivyoanza na mtaji mdogo, nilivyokata tamaa, nilivyoinuka tena, na kwa vile sikuwa na picha ya porini nikachukua moja mtandaoni, mtu kavaa lile vazi jeupe la kujikinga na nyuki kashika sega. Laiki zikaja nyingi, hongera zikaja, wengine wakaniombea dua. Wiki ile niliuza chupa 2.

Afu dada mmoja akauliza kwenye komenti, "huyu ndo baba yako mdogo? mbona kama mzungu?" Niliifuta ile posti usiku uleule. Iliniuma sana kwa sababu asali yangu ni ya kweli kabisa, na mimi mwenyewe ndo niliyeifanya ionekane ya uongo.

Na kuna jambo lingine linaniumiza kichwa, mwezi wa Saba mteja wa Njombe alinirudishia chupa 6, asali imeganda, chini imekuwa kama samli, anasema nimechanganya na sukari. Nikamrudishia hela yake yote.

Swali langu, stori ya biashara ni ipi hasa? Ni maisha yangu mimi au ni nini? Waliofanikiwa naombeni mnielekeze.

Leso_Mvita

Dada yangu pole. Mie niko Mombasa, kwetu tumeuza leso tangu enzi za nyanya yangu, nkueleze ninachokiona dukani kila siku.

Mama akiingia, namfunulia leso kumi. Rangi ataiangalia, pindo ataliangalia, lakini kabla hajauliza bei anainama asome jina, ule msemo ulioandikwa kwenye leso. Analisoma polepole kwa sauti ndogo. "Wema hauozi." Hapo ama atanyamaza kidogo ama atacheka pekee yake, na mie sijui amemkumbuka nani wala hainihusu, ila najua ile doti imeshauzwa. Mara nyingine anachukua mbili, moja yake na moja ya wifi yake, na ile ya wifi jina lake analichagua kwa muda mrefu zaidi!

Mtengenezaji hakuandika maisha yake pale. Wale Kaderdina Hajee Essak walianza hapa Mombasa mwaka 1887, na watu wengi hilo jina refu hawalijui, wanajua tu "Mali ya Abdulla" iliyoandikwa kwenye kitambaa. Leso yao inavaliwa harusini, inabebea mtoto, inapelekwa msibani, na kila mwanamke ana kisa chake kuhusu leso fulani aliyopewa na fulani. Kampuni iliacha nafasi, mnunuzi akaijaza.

Sasa ile posti yako ya safari ya mtaji mdogo, mimi mnunuzi nakaa wapi mle ndani? Nakupa pole, nakupa hongera, nishamaliza. Hakuna mahali asali inaingia nyumbani kwangu.

Otis wa Umoja

Leso_Mvita umenena. Niongeze moja tu ya huku Nairobi. M-Pesa ilipokuja 2007 hakuna mtu alikuwa anaelewa hiyo teknolojia, na hawakutusumbua kutuelezea mambo ya mitambo. Walisema tuma pesa nyumbani. Basi. Kila mtu mwenye kibarua Nairobi ako na mamake ushago, na kabla ya hapo ilikuwa unaweka pesa kwa bahasha unampatia dereva wa basi au jamaa anaenda huko na unaomba Mungu ifike. Sisi ndio tulikuwa stori, wao walikuja tu na suluhisho. Kwa hivyo uliza mteja wako ako na shida gani na asali. Mimi nikinunua asali shida yangu ni moja, naogopa ni sukari guru imechemshwa.

Mzee wa Mkunguni

Mimi nitatofautiana kidogo na nyie mnisamehe. Niko Kariakoo miaka mingi, nimeona vijana wengi wana stori nzuri na biashara imekufa. Binti, kabla ya stori hebu niambie chupa yako inavuja? Asali ikivuja kwenye mkoba wa mama wa watu ikamharibia kitenge hutamrudisha kwa stori yoyote. Lebo yako imechapishwa kwa wino usiofutika? Maana nimeona lebo nyingi za asali, mtu akishika kwa mkono wenye asali maandishi yanayeyuka, hata jina la biashara halisomeki tena. Umeshaenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo? Wanawatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS, shirika la viwango, asali ikapimwa ukajua hata maji yake ni asilimia ngapi, kwa viwango vya kimataifa haitakiwi kuzidi asilimia 20 maana ikizidi hapo inaweza kuchachuka.

Angalia Azam. Mzee Bakhresa watu wanamsimulia mitaani kwamba alianzia kwenye viazi, lakini wanamsimulia kwa sababu unga wake uko dukani kila siku na uko vilevile. Uzuri wa bidhaa ulitangulia, masimulizi ya watu yakafuata.

Na usiandike kwenye chupa kwamba inatibu kisukari. Naziona hizo lebo na zinanikera sana, mgonjwa anaweza kuacha dawa zake. Badala yake andika mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali, hilo ni la kitaalamu na wauzaji wengi hawaliandiki.

Mtu wa Miombo

Mzee wa Mkunguni yuko sahihi ila binti amekalia stori mbili kubwa hapo juu na amezipita haraka, ngoja nizirudie.

Ya kwanza ni ya Njombe. Dada, ile asali haikuharibika! Asali ina sukari za asili, glukosi ikijitenga inakuwa chembechembe na asali inaganda, na baridi ndo inaharakisha. Njombe mwezi wa Saba unaijua mwenyewe ile baridi, watu wanalala na mablanketi matatu. Angeiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, sio ya kuchemka, ikae taratibu, ingerudi majimaji kama ulivyoijaza. Wewe ulirudisha hela kimyakimya, kwa hiyo mteja anaamini mpaka leo kwamba ulimuuzia sukari na wewe umekubali. Mamia ya watu wana wasiwasi huohuo na hawakuulizi, wanaacha tu kununua. Na zile njia za mtaani za kupima asali kwa kiberiti na kwa kuidondoshea kwenye maji hazithibitishi kitu, asali iliyochakachuliwa ikiwa nzito inafaulu, na asali safi yenye maji kidogo zaidi inafeli. Kwa hiyo mteja hana cha kushika isipokuwa kumjua anayemuuzia na asali imetoka wapi. Stori yako inaanzia hapo.

Ya pili ni baba yako mdogo. Umemtaja kwa mstari mmoja afu ukahamia kwenye semina. Mrina asali wa Sikonge anaingia porini anaacha familia, anapiga kambi, anapanda mti mrefu usiku na kienge cha moshi mkononi, anachagua masega yaliyofunikwa anaacha yenye watoto wa nyuki. Mtu wa Mbagala hajawahi kuona hiki kitu. Mpigie simu muulize.

Ila nina ombi moja. Muulize pia mizinga yake ni ya nini. Zamani kule walibandua magome ya miti wakatengeneza mizinga, na mti ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote unakufa. Kama bado anatumia ya magome usije ukaipamba kama asili nzuri ya mababu, sema ukweli na sema mnafanya nini kuhusu hilo. Kama amehamia ya mbao, muulize alihama lini na kwa nini.

BintiSikonge

Jamani asanteni, sikutegemea. Mzee wangu wa Mkunguni, chupa zilikuwa zinavuja ni kweli, zile za kifuniko cha kubonyeza, nimebadilisha juzi. SIDO naenda Jumatatu.

Nimempigia baba mdogo jana, tumeongea zaidi ya saa nzima, hatujawahi kuongea hivyo. Kumbe mizinga ya magome aliacha siku nyingi, anasema kuna mti mmoja mkubwa babu yangu alikuwa anatundikia mizinga, yeye mwenyewe akaubandua gome akiwa kijana, miaka iliyofuata akawa anapita pale anauona umesimama mkavu. Akaniambia "nyuki wanakula maua, sasa mimi nimeua maua ili niweke nyuki." Tangu hapo anachonga ya mbao. Nimekuwa nauza asali yake miaka 3 na hili silijui.

Nimeandika hii, naomba mnisahihishe:

"Hii asali ni ya dumu la 3 la msimu huu. Ameirina baba yangu mdogo katika msitu wa Sikonge, Tabora, usiku, kwenye mizinga ya mbao. Aliacha mizinga ya magome kwa sababu aliua mti wa babu yetu na hajausahau. Rangi yake ni nyeusi kidogo kwa sababu ya maua ya miti ya kule. Ikiganda usiitupe, iweke kwenye maji ya uvuguvugu. Dumu hili limetoa chupa 20 za lita moja."

Picha ameniletea ya kweli, ya mikono yake ina nta kwenye kucha na kamba ya kupandishia mzinga. Imepigwa na simu ndogo haijatulia vizuri. Niitumie hivyohivyo?

Leso_Mvita

Itumie hivyohivyo!! Hiyo mikono haihitaji kupambwa. Na usiongeze neno kwenye hayo maandishi ila ule mstari wa mti uweke mwanzo, mimi nimeusoma mara mbili.

Otis wa Umoja

Namba ya dumu ni kitu safi sana, iweke hata kwa lebo. Mtu akilalamika unajua ni ya dumu gani na ilitoka lini.

Mzee wa Mkunguni

Nakubaliana nanyi. Angalizo langu, dumu la lita 20 ukichuja hupati chupa 20 kamili, kuna inayobaki kwenye chujio na kwenye kuta za dumu. Hesabu kweli kweli uandike hiyo uliyopata. Mtu akijua kupiga hesabu atakushika hapo na utarudi kwenye ile habari ya picha.

Mtu wa Miombo

Mzee umeona mbali. Na dumu likiisha dada waambie limeisha, usijazie na asali ya kununua sokoni huku lebo inasema Sikonge. Hapo utashawishika sana, hasa msimu ukiwa mbaya na wateja wanapiga simu.

BintiSikonge

Zimetoka 18 na nusu, nimebadilisha. Nimeposti jana saa 2 usiku, mti umekaa mwanzo. Laiki ni chache kuliko ile ya kwanza, hazifiki hata robo. Ila watu wanauliza maswali, mmoja kauliza huo mti ulikuwa mti gani, mmoja wa Urambo anasema baba yake naye alikuwa mrina, kaniandikia visa vyao virefu hadi nikamuomba ruhusa niviweke. Yule wa Njombe nimemtumia ujumbe wa kumweleza kuhusu kuganda, ameusoma hajajibu bado.

Zimeondoka chupa 7 tangu jana, za wa Urambo ni 2. Baba mdogo nimemsomea komenti zote kwenye simu, kaniuliza kama naweza kumsomea tena ile ya mti.