Naomba ushauri: dawa za kichocho tuanzie wapi?

Habari zenu ndugu. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji huku Buliisa, Uganda, kando ya Ziwa Albert. Tunajiandaa kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, na kata nzima inahesabiwa kama kitu kimoja. Hapo ndipo roho yangu inasita. Mwaloni watu wanaoga, wanafua na kuteka maji palepale penye konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Wiki jana nilimwona mtoto wa miaka kama minne, tumbo limevimba, mama yake anasema anajisaidia damu. Vijiji vya mbali na ziwa hali si hiyo. Tukichanganya wote, wastani unamficha mtoto yule.

Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linashauri maambukizi yakifika asilimia 10, watibiwe wote kuanzia miaka 2, kila mwaka. Lakini choo tunachopima kwa darubini hukusanywa shuleni, na watoto wengi wa wavuvi hapa hawasomi!

Mliowahi kupima kijiji kwa kijiji, nyumba mlizichaguaje? Na wavuvi wanaokesha ziwani mliwapata saa ngapi, tena wakiwa wamekula? Wakimeza dawa na njaa wanatapika, mwaka unaofuata wanatukimbia.