Picha za Tingatinga Dar hadi Dodoma: kuviringisha au kasha la mbao?

Mkazi_Area_D: Wakuu, nina picha tatu za Tingatinga, zinakwenda kutundikwa mapokezi ya ofisi Dodoma. Niziviringishe nipeleke kwa basi, au nichongeshe kasha?

FundiFremu: Kanvasi au hadibodi? Ukubwa? Zimechorwa lini? Hadibodi (bodi ngumu ya nyuzi za mbao) haiviringishwi, na Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huu, alichora kwenye bodi.

BiVinyago: Kasha, mkuu. Plaiwudi ya mm 9, sponji sm 5 pande zote, skrubu badala ya misumari maana nyundo inatikisa picha iliyomo. Isafiri wima.

Mkazi_Area_D: Kanvasi mbili za sm 90 kwa 120, bodi moja. Kanvasi moja imemalizwa wiki jana.

MzigoSalama: Ya wiki jana usiifunge kabisa! Rangi ya baiskeli, ile ya kung'aa wanayochorea Tingatinga, hukauka juu kwanza, ndani bado laini. Kuna picha ilifungwa nailoni ya mapovu juu ya rangi yenyewe, ikashinda kwenye buti la basi juani. Kufungua, viduara vya mapovu vimejichapa mgongoni kwa twiga, na pembeni rangi imebanduka na nailoni. Pale dawa ni kupaka upya tu, na hapo picha si ya mkono wa mchoraji wake tena. Kwa zilizokwisha kukauka, tanguliza karatasi ya siagi juu ya rangi, nailoni ije nje.

FundiFremu: Kanvasi ya zamani inaviringishwa, ila juu ya bomba la inchi 6 au zaidi, usiichomeke ndani. Upande wa rangi uangalie nje. Ukiuficha ndani rangi inabanana, inajikunja, ukitandaza inamomonyoka.

BiVinyago: Bado nasema kasha. Rangi ya kung'aa haipendi kupindwa, ya zamani ndiyo ngumu zaidi.

Kibla: Samahani kuingilia. Kinyago cha mpingo nacho kikihamia Dodoma kitapasuka?

MzigoSalama: Hewa kavu hunyonya unyevu kwenye ncha za mti kwanza, ufa huanzia hapo. Kiache ndani ya nailoni, ufungue kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kikae mbali na AC.

BiVinyago: Dodoma inasingiziwa. Kilichongwa mti mbichi hicho.

Kibla: Kina ufa tayari, chini ya kitako.

Mkazi_Area_D: Jamani, na ukuta wenyewe ni jipsamu.

FundiFremu: Mbona hukusema mwanzo? Gonga ukuta utafute fremu iliyo nyuma ya jipsamu, skrubu ishike humo. Picha ya bodi ina uzito gani?