Mjadala: Je, ujenzi unaojali mazingira unamfaa mtu wa mshahara wa kawaida?

Mwalimu wa Ngaramtoni
Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi na mwenzangu tumepata kiwanja kidogo huku Ngaramtoni, na tungependa kumaliza msingi kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Fundi wa kwanza ameshauri tofali za kuchoma, wa pili bloku za saruji, na wa tatu, kijana mwenye mashine ya mkono, ananishawishi nitumie tofali za kufungamana, zile zinazoshindiliwa kwa udongo na saruji kidogo, kisha zikamwagiliwa maji na kuachwa zikomae kivulini bila kupita tanurini. Nimevutiwa na hizi za mwisho kwa sababu hazihitaji kuni, na ukuta wake ukiachwa wazi unapendeza. Je, kweli ni nafuu, au ni mtindo wa hoteli za watalii ambao sisi tunauiga?

Fundi wa Majengo, Moshi
Mwalimu, unafuu upo, lakini hautoki kwenye bei ya tofali moja moja. Unatoka kwenye saruji usiyoitumia, kwa kuwa tofali hizi zinashikana zenyewe kwa meno yake, na saruji ya kuunganishia unaihitaji hasa kwenye kozi ya kwanza, yaani mstari wa chini wa tofali, na kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Ukiacha ukuta wazi, unaokoa plasta na rangi pia. Mchanganyiko wa tofali zenyewe ni saruji sehemu moja kwa udongo sehemu kumi hivi, kutegemea udongo wenyewe. Moramu, ule udongo mwekundu wenye changarawe, unafaa, ila mfinyanzi mweusi wa huku tambarare haufai, kwa sababu unavimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Inua msingi na urefushe paa ili maji ya mvua yasirukie ukuta. Lakini nikuambie ukweli: mtaani ukuta usiopigwa plasta unaonekana ni wa mtu aliyeishiwa fedha njiani, na nyumba ya udongo itabaki kuwa nyumba ya udongo hata ukiishindilia kwa mashine.

Mama wa Machame
Fundi, mengine yote uliyoyasema ni ya kitaalamu na nayaheshimu, lakini sentensi yako ya mwisho imeniumiza. Mimi nimezaliwa katika nyumba ya kukandika, ya fito, udongo na samadi, ndani ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, chenye migomba, kahawa na miti ya miringaringa. Bibi yangu alikuwa akiisiliba upya kila mwaka kwa mikono yake, na hakuna mgeni aliyewahi kuingia pale akatuona tumeishiwa. Ubao wa kitanda chake ulitokana na mringaringa uliopandwa na mumewe, ukapasuliwa palepale shambani. Leo tunaagiza makabati ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, yanavimba yakiguswa na maji, halafu tunaambiwa hiyo ndiyo hadhi.

Mzee wa Kibosho
Mwanangu wa Machame, usiipambe nyumba ile kuliko ilivyokuwa. Nami nililelewa humo. Nakumbuka funza miguuni, moshi uliomharibu mama macho, na mifugo ikilala upande wa pili wa ukuta. Aliyeisiliba kila mwaka alikuwa mwanamke, baada ya kutoka kukata majani ya ng'ombe na kuteka maji mfongoni, yaani kwenye mfereji, na hakuna aliyemuuliza kama amechoka. Sisi tuliojenga za bloku hatukuikimbia asili yetu, bali tuliukimbia mzigo huo. Kama Serikali inaona tofali za kuchoma zinamaliza misitu, basi itunge sheria, kama ilivyofanya kwa mifuko ya plastiki, nadhani mwaka 2018, na watu watafuata.

Mkulima wa Chekereni
Naomba kuuliza jambo moja. Huku kwetu, kwenye mashamba ya umwagiliaji, zipo tofali zinazochomwa kwa pumba za mpunga, ambazo vinginevyo zingechomwa bure kando ya mashine za kukoboa. Je, hizo nazo tunazihesabu kuwa zimekata mti?

Dada wa Njiro
Shikamoo, Mzee. Katazo la mifuko ya plastiki lilianza tarehe 1 Juni 2019. Ninalikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa na kibanda cha nguo, nikalazimika kuondoa mzigo wote wa mifuko. Nalitaja kwa sababu linagusa hoja yako: sheria iliondoa mfuko mmoja, lakini tukaletewa mwingine unaofanana na kitambaa na kumbe ni nyuzi za plastiki vilevile, wakati kikapu cha ukindu kinadumu miaka na kinapendeza mkononi kuliko vyote viwili. Sheria inaweza kukataza, lakini haiwezi kumfanya mtu akione kizuri kile kilichobaki. Ndiyo maana maneno ya fundi kuhusu plasta ni mazito kuliko yanavyoonekana.

Mama wa Machame
Shikamoo, Mzee wangu. Kuhusu funza na moshi, sibishi. Ila funza walikaa kwenye vumbi la sakafu na moshi ulitoka kwenye mafiga yasiyo na dohani, wala si ukutani. Sakafu ya saruji na jiko lenye njia ya moshi vingetosha kuyamaliza yote mawili bila kuudharau udongo. Na kuhusu mzigo wa mama umenena kweli kabisa, nami ningependa wanaume wa familia zetu waliseme hilo mara nyingi zaidi.

Mzee wa Kibosho
Marahaba, wanangu. Hilo la sakafu nalikubali. La plasta bado silikubali, kwa maana nyumba ya mtu ni uso wake.

Fundi wa Majengo, Moshi
Mama, niwie radhi. Sikukusudia kumdharau bibi yako. Niliyasema yale kwa sababu nimewahi kujenga ukuta mzuri wa kufungamana, ulionyooka kwa pima maji kuanzia msingi hadi lenta, na baada ya miezi miwili mwenye nyumba akaniita niupige plasta wote, kwa kuwa majirani walimuuliza atamalizia lini. Saruji yote tuliyoiokoa iliteketea pale, na niliumia kama fundi.

Mwalimu wa Ngaramtoni
Nawashukuru nyote. Mke wangu amesoma haya yote na anasema swali lake si bei tena, bali ni kama tutaweza kuwajibu majirani. Kwa sasa nimechukua udongo wa kiwanjani, nikautia katika chupa ya kioo pamoja na maji, nikautikisa na kuuacha utuame. Mchanga umekaa chini, tope limefuata, na tabaka la mfinyanzi juu yake ni jembamba kuliko nilivyotarajia. Fundi, nikikutumia picha ya chupa hiyo kesho asubuhi, utaweza kunieleza kama unafaa?